Kura ya Mzee ni ya Nani?

Kila baada ya miaka mitano nchi yetu huingia katika uchaguzi mkuu, na kila mara swali moja huzuka katika baraza za nyumba zetu, toka Kunduchi na Tegeta mpaka Tandika na Mbagala. Swali lenyewe ni hili: je, ni vema mzee apige kura akizitazama shida zake za uzee? Au yampasa azifiche shida hizo, awaachie vijana uwanja, kwa kuwa wao ndio wengi na siku zilizobaki ni zao? Sisi tulio na miaka 60 na zaidi tumelijadili swali hili baada ya ibada, tumelijadili misibani na katika mikutano ya mtaa, na majibu tuliyoyasikia ni ya namna mbili.

Jibu la kwanza lasema: mzee amekwisha kula chumvi ya kutosha, anyamaze. Mambo ya wazee yatangoja. Kwanza vijana wapate kazi na watoto wapate madawati. Jibu la pili lasema: kila kundi huvutia kwake, wafanyabiashara, wakulima, wafanyakazi na vijana; basi mzee naye avutie kwake, na akiletewa chochote wakati wa kampeni akipokee, maana mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Kwa maoni yetu majibu haya yote mawili yana kasoro. La kwanza lina sura ya unyenyekevu na la pili lina sura ya werevu, lakini yote mawili humwacha mzee pale pale alipokuwa. Hatuna budi kuyatazama moja moja.

Kabla ya hapo yafaa tukumbuke kwamba katika jiji hili neno "wazee" lina historia yake. TANU ilipoundwa Julai 1954, rais wake alikuwa kijana wa miaka 32, Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, mgeni katika mji. Chama kile kilikuwa na Baraza la Wazee, na mwenyekiti wake alikuwa Sheikh Suleiman Takadir. Wazee wale walikuwa wenyeji, watu wenye heshima zao mitaani, na heshima hiyo waliitumia kumfungulia kijana milango. Yale waliyoyatafuta yalikuwa ya nchi nzima, na matunda yake yangeliwa zaidi na watoto wao kuliko wao wenyewe.

Tangu hapo imekuwa desturi ya viongozi wa nchi, wakiwa na neno zito la kusema, kuwaita wazee wa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alisema nao Novemba 1978 wakati wa vita vya Kagera, na Novemba 1985 alipokuwa akiaga. Rais Kikwete alisema nao Mei 2010 juu ya mgomo uliokuwa umetangazwa na wafanyakazi. Rais Samia Suluhu Hassan alisema nao Mei 2021, na tena tarehe 2 Desemba 2025. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini mtu akiipanga mikutano hiyo katika mstari mmoja ataona kwamba kazi kubwa ya wazee ilikuwa kusikiliza. Iko siku moja tu ambayo mambo hugeuka, yaani siku ya kura. Siku hiyo mzee ndiye msemaji, na kiongozi ndiye msikilizaji. Kwa hiyo hatuna budi kujua tutasema nini.

Sasa turudi kwenye jibu la kwanza, lile la kunyamaza. Ni kweli sisi tu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na katika kila watu 100 wenye miaka 60 na zaidi hawakufika 6. Ni kweli pia kwamba madawati na ajira ni mambo ya haraka. Lakini uchache wa watu haujapata kuwa sababu ya kuwanyima haki yao. Ungekuwa sababu, basi yatima na vipofu wasingekuwa na la kudai hata kidogo.

Zaidi ya hayo, wazee wengi wanaotuzunguka hawakufika hapa kwa uvivu. Walilima barabara kwa kujitolea miaka ya 1960. Wengine walishika chaki usiku kuwafundisha watu wazima kusoma katika kampeni ya mwaka 1971 hadi 1975. Wengine walibeba mizigo bandarini, walivua samaki, walipasua kokoto Kunduchi, walipika uji na vitumbua kandokando ya barabara. Kazi hizo zilijenga mji huu, lakini hazikuwa na mwajiri wa kuwachangia katika mfuko wa pensheni. Mtu aliyefanya kazi miaka 40 bila karatasi ya ajira amefika uzeeni mikono mitupu, na hilo si kosa lake.

Wazee hawa wanakumbuka pia kwamba baada ya Uhuru tiba katika hospitali za serikali ilikuwa bila malipo kwa miaka mingi. Uchangiaji ulianza mwaka 1993, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuitumia nguvu yao. Serikali iliwaona; ikatoa msamaha wa malipo kwa wazee wasiojiweza, na Sera ya Taifa ya Wazee ikatolewa mwaka 2003. Katika hospitali nyingi tunaona leo dirisha la wazee na tangazo la kuwapisha watangulie. Twashukuru kwa hayo. Hata hivyo wengi wetu tunaijua safari ya kutoka huko pembeni kwa daladala mbili, mzee akatangulizwa kwa heshima mpaka kwa daktari, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa dawa hiyo haipo, akanunue nje. Heshima ya kutangulia mstari ni njema, lakini haishushi presha.

Tena anayesema tusubiri mpaka watoto washughulikiwe huenda hakutazama vizuri ndani ya nyumba zetu. Ni nyumba ngapi ambamo wajukuu wanalelewa na bibi, kwa sababu wazazi wamefariki au wamekwenda kutafuta maisha mbali? Fedha iingiayo mkononi mwa bibi wa namna hiyo haikai. Asubuhi yake imekwisha kuwa unga wa uji, daftari na sare ya shule. Kumsaidia bibi huyo ni kumsaidia mtoto, na kumnyamazisha bibi ni kumnyamazisha mtoto asiye na kura.

Basi mzee aseme. Lakini aseme namna gani? Hapa ndipo jibu la pili linapotupoteza.

Wasomaji wetu wanalikumbuka neno takrima. Mwaka 2000 Bunge lilibadili Sheria ya Uchaguzi, likaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa hoja kwamba ukarimu ni desturi yetu ya Kiafrika. Watu wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile ni kinyume cha Katiba. Hoja moja ilikuwa rahisi kueleweka: mgombea tajiri na mgombea maskini hawako sawa ikiwa mmoja ana mifuko ya sukari na mwenziwe ana maneno tu, na mpiga kura naye hayuko huru kama tumbo lake limekwisha kushikwa.

Hukumu ilitoka, lakini desturi haikufa siku ile. Na ni nani hufuatwa zaidi na kanga, kilo ya sukari na noti iliyokunjwa? Ni mzee, hasa bibi mjane. Wao hufuatwa kwa sababu shida yao ni ya leo, na kwa sababu wanajulikana kuwa watu wa shukrani. Aliyelelewa kusema asante kwa kila kitu huona aibu kumnyima kura mtu aliyemvisha. Kwa hiyo adabu njema tuliyofundishwa utotoni hugeuzwa kuwa mtego.

Wengine watauliza, je, zawadi ni dhambi? La hasha. Jirani akikupa sukari kwa kuwa unaumwa, ni upendo. Lakini zawadi ya mgombea ina kazi nyingine: huchukua nafasi ya deni. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, sadaka kwa Mungu, wapate kuepa wajibu wa kuwatunza wazazi wao. Kwa nje ilikuwa sadaka, kwa ndani ilikuwa njia ya kukwepa deni. Kanga ya kampeni ni ya ukoo huo. Inakuja mara moja katika miaka mitano ili dawa isidaiwe kila mwezi.

Kwa hiyo sisi twapendekeza kipimo kimoja, kila mzee ajipime nacho kabla ya kudai jambo. Kipimo chenyewe ni hiki: je, hiki ninachokidai ningependa kila mzee akipate, hata yule asiye wa chama changu, wala wa dini yangu, wala wa mtaa wangu, na hata yule ambaye leo ni kijana na atazeeka nisipokuwapo? Kama ndiyo, basi ninadai haki, na sina sababu ya kuona haya. Kama siyo, ninaomba upendeleo, na afadhali ninyamaze.

Sukari ya kampeni haipiti katika kipimo hiki, maana huwafikia waliokuja mkutanoni tu. Lakini hata madai yetu sisi wastaafu yafaa yapimwe. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya, ile tuliyoizoea kwa jina la kikokotoo, ikasema mstaafu apewe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo. Kelele zikawa nyingi, na Desemba 2018 Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33, nayo ikapingwa, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Walimu na watumishi wengine tulisema sana, nasi tulikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa fedha ile ni jasho letu. Tulisikilizwa kwa sababu tuna vyama, tuna barua za ajira, na tunajua mlango wa kubisha.

Lakini mvuvi mzee wa Kunduchi aliyafuata majadiliano yale kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Sisi tuliofundisha hesabu twajua kwamba asilimia 25, 33 au 40 ya sifuri ni sifuri. Kipimo chetu chadai kwamba mwenye pensheni asiishie kwenye pensheni yake. Sauti iliyosikika kwa ajili ya kikokotoo inao uwezo wa kusikika pia kwa ajili ya mama aliyepasua kokoto.

Je, pensheni kwa kila mzee yawezekana katika nchi zetu hizi? Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Tuvuke bahari tu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alikuwa na kazi gani wala kama alichangia mfuko wowote. Fedha hiyo si nyingi. Lakini tazama tofauti yake na kilo ya sukari: huja mwezi wa uchaguzi na mwezi usio wa uchaguzi, humfikia aliyempigia kura mshindi na asiyempigia, na anayeipokea hana haja ya kupiga makofi. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2018 kuwalipa shilingi zao 2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine. Uganda nayo, katika uchaguzi wa mwaka 2021, iliweka bungeni wawakilishi 5 wa wazee. Huku kwetu Bara, TASAF huzisaidia kaya maskini, na wazee wengi wamo ndani yake, lakini kinachotazamwa ni umaskini wa kaya. Umri peke yake haumpi mtu haki hiyo.

Mwenye busara atauliza fedha zitatoka wapi, na swali hilo ni halali. Nchi yenye watoto wengi haiwezi kuwapa wazee kila kitu. Ndiyo maana hatusemi pensheni ianzie miaka 60. Wengi wetu tungekubali ianzie 70, na ianze na kidogo, hata kama baadhi yetu haitatukuta. Mzee anayekubali kungoja zamu yake hawezi kuitwa mchoyo.

Liko jambo jingine la kusema, nalo ni zito. Hatuwezi kuandika juu ya kura tukauruka mwaka 2025. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba, na siku zilizofuata, palikuwa na ghasia na vifo katika jiji letu na katika miji mingine. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikakatwa, na mwezi Novemba Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Gazeti dogo la kanisa si mahakama, wala hatukusudii kumhukumu mtu hapa. Lakini twajua kwamba wengi wa waliokuwa barabarani walikuwa vijana, na kwamba katika misiba walioketi chini wakilia walikuwa mama, baba na bibi zao.

Basi tukitumie kipimo chetu hapa pia. Pensheni ya uzeeni ina faida gani kwa aliyezikwa akiwa na miaka 20? Dirisha la wazee litamfaa nini mtu ambaye hakuachwa azeeke? Tukisema kwamba vipaumbele vya wazee ni dawa na pensheni tu, tumekata mti tukashika matawi. Kipaumbele cha kwanza cha mzee ni kwamba kijana aishi, aseme lake akasikilizwa, na arudi nyumbani salama. Kijana akichoma mali ya jirani, mzee amwambie waziwazi kwamba hiyo si haki. Na mwenye mamlaka akimwumiza kijana asiye na silaha, mzee amwambie yeye pia, kwa adabu lakini kwa maneno yanayosikika. Mzee akinyamaza hapo ili asipoteze kiti chake cha mbele katika mkutano, ajue kwamba naye amepokea takrima, ingawa hakuna kanga wala sukari mkononi mwake.

Huku ndiko kurudi kwenye kazi ya wazee wa mwaka 1954. Wao waliitumia heshima yao kumkinga kijana na kumpeleka mbele. Heshima ambayo haimkingi mtu mwingine ni pambo tu.

Basi tufanye nini? Uchaguzi mkuu ujao ni mwaka 2030, na kabla yake utakuja ule wa serikali za mitaa. Hatutaji chama wala mgombea, maana kila mtu ana uhuru wake. Twasema tu kwamba kila atakayekuja kuomba kura kwetu, wa chama chochote, aulizwe maswali matatu yale yale. La kwanza: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, mzee wa mtaa huu asiye na kitu ataingizwaje, na dawa atazipata wapi siku zikikosekana? La pili: pensheni kwa kila mzee wa Bara, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa, utaisemea bungeni au hutaisemea, na ianzie umri gani? La tatu: utafanya nini ili vijana wetu waseme na wasikilizwe, bila jiwe na bila risasi? Akijibu kwa kilo ya sukari, tumshukuru kwa kutujulia hali, tumrudishie mzigo wake.

Na majibu yaandikwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni mali ya namna hiyo. Daftari moja la shule latosha kwa mtaa mzima: jina la mgombea, tarehe, swali, jibu. Wastaafu wa ualimu wamejaa katika mitaa hii na mwandiko wao bado unasomeka. Baada ya mwaka mmoja daftari lifunguliwe mbele ya diwani au mbunge aliyeshinda, lisomwe kwa sauti, bila matusi. Wajukuu waitwe wasikilize, kwa sababu ndio watakaolirithi.

Tulianza kwa kuuliza kura ya mzee ni ya nani. Jibu letu ni kwamba ni ya mzee mwenyewe, hakuna awezaye kumwambia aifiche wala kuinunua. Lakini huipiga kwa niaba ya watu wawili: yule mzee mwenziwe asiye na mlango wa kubisha, na yule mtoto ambaye siku moja, Mungu akimjalia, atakuwa mzee katika mtaa huu huu. Wapo kati yetu ambao hawataufikia mwaka 2030. Hata wao waulize sasa. Mzee apandaye mnazi leo anajua vema kwamba madafu yatanywewa na wengine, lakini shimo hulichimba kwa kina kile kile.